Gemu hurudi, kivutio hakirudi

Swali la wiki lilikuwa hili: kati ya gemu zilizotokana na filamu na vivutio vya bustani za burudani vilivyofungwa, unatamani kipi kirudi, na je, kinaweza kurudi? Nakishika kipande cha pili, maana ndicho chenye kazi. Gemu iliyowahi kutoka kwenye diski au kaseti inachezeka hata leo, ukiwa na vifaa vyake. Kivutio kilichobomolewa hakirudi, hata ukiwa na video yake nzima.

Mara nyingi kinachoviua vyote ni mkataba. Mwenye filamu hukodisha jina, sura za waigizaji na muziki kwa muda. Muda ukiisha, bidhaa inaondolewa sokoni hata kama wanunuzi bado wapo. Scott Pilgrim vs. the World: The Game ilitoka Agosti 2010 kwa kupakuliwa tu. Desemba 2014 ikaondolewa, ikarudi Januari 2021. GoldenEye 007 ya Nintendo 64, ya mwaka 1997, ilikaa hadi Januari 2023 ndipo ikatolewa upya. (Ukitaka kucheza na mtu aliye mbali, chukua toleo la Switch, la Xbox ni la walioketi chumba kimoja.) Ila mwenye kaseti yake hakuzuiwa na mkataba wowote katika miaka yote hiyo.

Kwa hiyo ukitafuta gemu ya zamani, uliza kwanza ni toleo lipi. Jina moja la filamu lilibandikwa kwenye gemu tofauti kabisa. Spider-Man 2 ya 2004 inayosifiwa hadi leo ni ile ya PlayStation 2, Xbox na GameCube, iliyotengenezwa na Treyarch, ambamo utando hunasa kwenye jengo halisi: pasipo jengo, hakuna pa kuning'inia. Toleo la kompyuta la mwaka huohuo ni gemu nyingine, iliyorahisishwa kwa ajili ya watoto. Watu huinunua, wanaifungua, wanajiuliza kama kumbukumbu zao ziliwadanganya. Gemu ya King Kong ya 2005 nayo ina mtego wake: toleo la Xbox 360 lilitoka giza mno kwenye TV za chogo, kwa hiyo hilo lichezee kwenye TV bapa.

Kwa mashine nyingine za zamani ushauri ni kinyume chake. Nintendo 64 na zilizoitangulia hutoa picha ya mistari 240, na TV bapa nyingi huichukulia kana kwamba ni ya mistari 480 iliyopishanishwa, yaani inayoletwa nusunusu kwa zamu. Zinaanza kuunganisha nusu hizo, picha inakuwa ukungu na kitufe kinachelewa kuitikia. TV ya chogo haina ucheleweshaji huo. Angalia pia kaseti ni ya eneo gani: gemu nyingi za Ulaya za enzi hizo huenda kwa hezi 50 badala ya 60, na kama watengenezaji hawakuirekebisha, mwendo na muziki hupungua kwa karibu asilimia 17. Ukihisi wimbo unajikokota, sababu huenda ni hiyo.

Kaseti isiyowaka mara nyingi ina uchafu tu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno ya shaba, acha ikauke kabisa kabla ya kuichomeka. Usipulize kwa mdomo. Mate hula shaba. Kaseti nyingine hutunza rekodi za mahali ulipofikia kwa betri bapa iliyochomelewa ndani, nayo ikiisha rekodi hupotea. GoldenEye haimo kwenye kundi hilo, rekodi zake ziko kwenye chipu isiyohitaji betri. Kinachokufa kwake ni kijiti cha pedi: plastiki inasagana ndani, unaona vumbi jeupe, kijiti kinalegea na kulenga shabaha kunakuwa adhabu. Badilisha bakuli na gia za ndani kabla ya kuilaumu gemu.

Kwa PlayStation 2, tumia memori kadi ya MB 8. Zile za bei rahisi za MB 64 na 128 zina sifa mbaya ya kuharibu rekodi. Diski ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Diski za kompyuta ndizo zenye balaa kuliko zote: kinga za kuzuia nakala kama SafeDisc zilikataliwa kuanzia Windows 10, hivyo diski nzima isiyo na mkwaruzo inaweza kugoma kabisa. Hapo toleo la konsoli pamoja na programu ya kuiga mashine, PCSX2 au Dolphin, huwa njia fupi zaidi. PCSX2 inahitaji pia BIOS, programu ya msingi ya mashine, ambayo unaitoa kwenye konsoli yako mwenyewe.

Vivutio ni habari nyingine. Chukua Back to the Future: The Ride ya bustani za Universal, ambapo uliketi kwenye gari linaloyumba mbele ya filamu. Ya Florida ilifunguliwa Mei 1991 na kufungwa Machi 2007, ya Hollywood ikafuata Septemba, ya Japani ikadumu hadi Mei 2016. Filamu yake, iliyoongozwa na Douglas Trumbull, haijapotea. Imo kwenye seti ya Blu-ray ya 2010. Itazame, utaona tatizo lilipo. Ilipigwa kwa ajili ya skrini ya kuba inayojaza macho hadi pembeni. Kila kuba lilikuwa na magari 12 ya watu wanane wanane, na moshi ukiyaficha ili kila gari lijione liko peke yake. Gari lenyewe halikwenda popote. Lilipolala nyuma, uzito wa mwili ulikusukuma kitini na ubongo ukasoma kwamba unaongeza kasi. Miwani ya uhalisia pepe inarudisha picha, lakini mwili umetulia huku macho yanakimbia, na zawadi yake ni kichefuchefu.

Kabla ya kuomboleza, hakikisha kama marehemu amekufa kweli. Splash Mountain ya Disney ilifungwa Florida na California mwaka 2023, Tokyo bado ipo. E.T. Adventure ya Universal imebaki Florida. Jaws, ile ya filamu ya papa, ilifungwa Florida Januari 2, 2012, lakini Osaka, Japani, inaendelea. Kumbuka tu kwamba Jaws ya Florida ya 1990 ilifungwa baada ya miezi michache kwa hitilafu, ikajengwa upya na kurudi 1993. Mwanzoni papa alilipuka. Baadaye akawa anauma waya wa umeme. Anayetamani mlipuko huo wa papa hataupata Osaka.

Na kama kuna kivutio unachokipenda ambacho bado kinafanya kazi, hifadhi kile ambacho wengine hawakihifadhi. Video za safari yenyewe zimejaa tele. Zinazokosekana ni sauti za foleni na maonyesho ya utangulizi. Pale panaporuhusiwa, rekodi sauti ya foleni mpaka ianze kujirudia, piga picha za mabango ukiwa mkabala nayo, pima kwa saa tangu gari linaondoka hadi linasimama, na kaa upande wa kushoto safari moja, wa kulia safari nyingine. Zima taa ya kamera. Wanaojenga upya vivutio kwenye programu kama Planet Coaster hukwama kwenye vipimo. Upana wa gari ukijulikana, picha iliyopigwa mkabala inasaidia kukadiria upana wa chumba.

Ziko pia gemu zilizohifadhi vivutio. Universal Studios Theme Parks Adventure ya GameCube, ya 2001, inaigiza bustani ya Osaka, pamoja na Back to the Future ambayo jengo lake sasa ni la Minions. Kama gemu ni dhaifu. Sehemu kubwa ya muda unaokota takataka. Diski yake ni ya sentimita 8 na kisomeo cha kawaida cha kompyuta hakiifungui. Tafuta GameCube, au Wii ya mwanzo yenye matundu ya pedi za GameCube chini ya kifuniko.