Krismasi kwenye mashua kwenda Mafia: jibu kwa mwenzetu wa Dodoma

Mbukwenyi wakuu. Mleta mada yuko Dodoma, hajawahi kulala baharini, na rafiki yake amemwalika kusafiri na mashua ya tanga kutoka Dar hadi Mafia wiki ya Krismasi. Anauliza kama watapata samaki njiani, na kama sikukuu itanoga au itaishia kwenye kutapika. Mimi ni wa huku huku Ipagala, na safari ya aina hiyo nimeifanya na ndugu zangu, basi nijibu kwa niliyoyaona.

Samaki mtapata, lakini msivue kama wavuvi. Msimamo wangu: akipanda mmoja wa kutosha sufuria, mshipi ukunjwe mpaka aliwe. Chombo kidogo hakina friji. Jodari, nguru na fulusi wakikaa kwenye joto, nyama yao hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru mlaji, na hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Uso unawaka, kichwa kinagonga, tumbo linavurugika, na nchi kavu bado iko mbali. Samaki akishapanda mtoeni damu na matumbo hapo hapo, mfunikeni kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, kisha apikwe mlo unaofuata. Wanaotaka kujaza ndoo kwa ajili ya picha wakavulie kwingine.

Uvuvi wenyewe ni wa kurambaza, yaani mshipi unaburuzwa nyuma chombo kikiwa mwendoni. Toa mita 30 hadi 50. Chambo cha bandia kinatosha, hata manyoya ya kuku na vipande vya plastiki inayong'aa. Karibu na ndoana weka kipande cha waya, maana meno ya nguru hukata nailoni. Upande wa chombo, unganisha mshipi na mpira wa tyubu ya baiskeli: samaki akivuta kwa nguvu uzi haukatiki, na mpira ukinyooka kila mtu anajua kuna kitu. Usiuzungushe mshipi mkononi hata siku moja. Vaa glavu.

Mwendo unaofaa ni noti 4 hadi 6, yaani maili za baharini kwa saa, na Kaskazi ya Desemba, upepo wa kutoka kaskazini, ikishika vizuri inakupa huo, kwa sababu mnakwenda kusini na upepo unatoka nyuma. Alfajiri na machweo ndizo saa zake. Mchana wa jua kali mnaburuza tu kwa kujifurahisha. Mkiona ndege wamekusanyika na kujitosa majini, mwombeni nahodha apite pembeni ya kundi, asilipasue katikati. Usiku mshipi uwe ndani. Ndoana, samaki anayerukaruka na giza ni mchanganyiko mbaya.

Kuna ujanja wa kummiminia samaki pombe kali kwenye matamvua ili atulie. Binamu yangu aliufanya kwa konyagi, na kweli jodari alitulia. Nahodha akacheka, akasema rungu ni bei rahisi zaidi.

Bunju akipanda, arudishwe, ana sumu. Kasa akinasa, mkateni uzi karibu kabisa na ndoana na mwacheni aende, analindwa na sheria. Mkikaribia Mafia kunjeni kila kitu: Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ina masharti yake ya uvuvi, na msimu huo papa potwe huja karibu na Kilindoni, mji wa Mafia. Mnyama huyo ni mkubwa kuliko baadhi ya mashua na hana ubaya na mtu, usimpitishie ndoana.

Sasa sikukuu. Kwa kuwa upepo unatoka nyuma, chombo huenda mrama, kushoto kulia bila kupumzika, na sisi watu wa mbuyu na vumbi hulewa bahari mapema. Vidonge vinywewe kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Kaa nje, tazama upeo, acha simu. Mtafuna tangawizi pia hapotezi kitu. Na anayepasua samaki asikae upande unaopeleka harufu kwa wagonjwa. Hapo ndipo ugomvi wa kifamilia huanzia.

Chakula cha Krismasi kipikwe nchi kavu: chapati, nyama ya kukaushwa, mayai ya kuchemsha, karanga. Samaki akija, ni nyongeza. Sisi tulibeba ubuyu, unga wa uwele na mlenda mkavu kutoka nyumbani, shangazi akapika nguru kwa mlenda kwenye jiko lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga. Nahodha, mtu wa Mafia, alionja kwa heshima, akarudi kwenye wali wake wa nazi. Ni Mwislamu, kwa hiyo tulimuuliza mapema kuhusu pombe. Akakubali watu wanywe, mradi anayeshika usukani asiguse na hakuna atakayekojoa akining'inia ubavuni usiku bila jaketi la kuokolea. Watu wengi hucheka sharti hilo la pili. Ndilo nililoliona la maana zaidi.

Jioni ya mkesha ilimba, ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, ilitoka kwenye mfuko wa plastiki, zikaimbwa nyimbo za kanisani za Kigogo, na baharia kijana akashika mdundo kwenye ndoo ya maji. Ala kubwa acheni nyumbani, na ilimba yenyewe irudishwe mfukoni mara moja, chumvi inakula vyuma vyake.

Fuatilia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka Dodoma. Kwa treni ya SGR mnafika Dar kwa saa chache, hivyo hakuna sababu ya kung'ang'ania siku moja kama upepo umechafuka; ondokeni kesho yake. Ndoana, waya na nailoni mtapata maeneo ya Feri, kwenye soko la samaki la Dar. Na kama mmeahidi samaki kwa majirani wa Ipagala, mtawanunua hapo hapo Feri wakati wa kurudi.