Kuku wa kishungi na wenzake bandani: maswali yenu ya wiki hii

Mbukwenyi wafugaji wa Dodoma! Maswali yamejaa kwenye simu, nimeokota matano maana mengi yanajirudia.

Nina mitetea saba wa kawaida na wawili wa kishungi (wale wenye fungu la manyoya kichwani). Hao wawili wanadonolewa kichwani mpaka damu. Niwakate midomo wale saba? (dada wa Kisasa)

Hapana dada, midomo iache. Watoe hao wawili leo hii hii, maana kuku akishaona damu hajui ndugu. Alafu ujue kishungi kikubwa kinaota juu ya nundu ya mfupa, na kwa baadhi yao fuvu pale juu lina kitundu halijafunga, kwahiyo donoa ambayo kuku wa kawaida anajikung'uta anaendelea na mambo yake, huyu anaanza kuyumba na anaweza kufa kabisa. Safisha kidonda kwa maji ya chumvi, paka GV, ile dawa ya maji ya kupaka vidonda, zambarau yake inaficha wekundu hata wenzake hawavutiwi tena.

Sasa jiulize, wanabanana? Wote tisa wanagombania sinia moja? Wanakula pumba tupu? Kuku akikosa protini anahamia kwenye manyoya ya mwenzie. Ongeza mashudu ya alizeti, kwa huku kwetu kuyakosa ni uvivu tu, na dagaa wa kusaga kidogo. Wakipona warudishe wawili pamoja, usiku wenzao wakiwa wamelala. Mimi mwaka jana nilimrudisha mmoja peke yake saa nne asubuhi nikaenda kununua unga, narudi namkuta kajibana nyuma ya pipa kishungi chote kimenyonyolewa, kabaki na kipara kama babu.

Jogoo wa kishungi nikimpandisha kwa mitetea wa kawaida, vifaranga watakuwa nacho? (Kongwa)

Watakuwa nacho, ila kidogo. Kama jogoo kakirithi kwa baba na kwa mama, vifaranga wote watatoka na kishungi lakini usitegemee kile kikubwa cha baba yao. Kama yeye mwenyewe ni chotara basi hesabu kama nusu hivi ya vifaranga ndo watatoka nacho. Aliyekuuzia kwa bei ya mbegu safi, mwambie akuonyeshe wazazi.

Jirani anasema kuku wa kishungi ni wa waganga, nisifuge. (Bahi)

Wangu wanataga tu kaka. Wewe hangaika na chanjo ya mdondo (kideri, Newcastle), ile ya matone ya jicho, kila miezi mitatu. Mdondo hauangalii nywele.

Wangu anashtuka ovyo, nikimsogelea anaruka anajigonga ukutani. Ana wazimu? (Nkuhungu)

Haoni huyo! Jaribu wewe kutembea umevaa kofia imeshuka mpaka puani. Shika mkasi, punguza manyoya yanayofunika macho, ila yale machanga yenye kijiti cheusi usiguse, yana damu ndani. Ukiwa hapo hapo fukunyua mpaka kwenye ngozi, chawa na utitiri wanapenda kujificha humo. Na kabla hujaingia bandani piga mluzi au mwite, azoee sauti. Fito yake ya kulalia iwe chini, na mchana awe karibu na kivuli au kichaka maana mwewe akishuka wenzake wote wameshakimbia, yeye ndo kwanza anageuza shingo.

Kishungi kinaloa kila akinywa maji, kinaganda tope. Nifanyeje? (Chang'ombe)

Acha beseni mama. Chukua dumu la lita tano, toboa ubavuni matundu mawili matatu ya kupita mdomo na uso tu, jaza maji yafike chini kidogo ya matundu. Kingo za matundu zipitishie moto wa mshumaa zilainike, plastiki mbichi iliyokatwa inachana shingo. Siku mbili za mwanzo atazunguka zunguka bila kunywa, mchovye ncha ya mdomo mara moja, atajua.