Kuuza vijisanamu vilivyopakwa rangi kwa mkono mtandaoni

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Shekhe, mimi ni dada wa Bombo, wilaya ya Luweero. Napaka rangi vijisanamu vya rezini (plastiki ngumu ya kumiminwa) vya urefu wa kidole: askari, wanyama, majini na miungu ya hadithi. Wanunuzi wa ng'ambo huvichukua kwa michezo ya mezani au kwa kukusanya. Nauza kwenye soko la mtandaoni kwa akaunti ya binamu yangu aliye Uingereza, na wengine huagiza na kulipa kwanza, nami napaka baadaye. Je, pato hili ni halali? Na rangi ikinigandia vidoleni, udhu wangu unasihi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Dada yetu, swali lako fundi mmoja alimpelekea Ibn Abbas (r.a.). Alimwambia kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea maneno ya Mtume (s.a.w.): mwenye kutengeneza sura, Mwenyezi Mungu atamwadhibu mpaka aipulizie roho, na hataweza kamwe. Yule fundi akahema kwa nguvu, uso ukamgeuka manjano. Ibn Abbas hakumwacha hapo. Akamwambia, kama huna budi kutengeneza, basi shika miti hii na kila kisicho na roho. Hadithi imo katika Sahihi Bukhari.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, sanamu kamili ya kiumbe mwenye roho ni haramu kuitengeneza. Utasema rezini imemiminwa na wengine, wewe unapaka tu. Lakini mboni ya jicho, wekundu wa shavu, kivuli chini ya kidevu, hivyo ndivyo vinavyoikamilisha sura, na ndivyo mnunuzi anavyokulipia. Miungu ya hadithi ni zito zaidi: katika hadithi ya Jabir, mwaka wa Ufunguzi wa Makka, Mtume (s.a.w.) alitangaza kuharamishwa biashara ya pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake, ni kweli, na wanazuoni wengi wameruhusu vya watoto kwa hadithi hiyo. Wapo wa leo wanaoitanua ruhusa hiyo mpaka kwenye vipande vya michezo ya mezani. Mimi sioni hivyo, kwa sababu kijisanamu cha dola 40 kinachofungiwa kwenye kabati la kioo la mtu mzima hakifanani na mwanasesere wa mtoto.

Basi shika alichoelekezwa yule fundi. Wachezaji haohao wa michezo ya mezani hununua pia mandhari ya kuchezea: magofu, madaraja, miti, mapipa, kuta zilizobomoka. Na Uganda imekupa vitu ambavyo fundi wa Ulaya hana mbele ya macho yake: teksi nyeupe yenye mkanda wa vibokisi vya bluu, mtumbwi wa Ziwa Viktoria, mkungu wa matoke, kibanda cha chapati chenye jiko lake la mkaa. Ufundi haubadiliki: praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine), rangi ya msingi, rangi ya majimaji inayoingia kwenye mifereji, brashi kavu ya kung'arisha kingo, halafu vanishi. Oda za sanamu ambazo hujazimaliza, rudisha pesa. Ulizopata kabla ya kujua, shika aya ya 275 ya Suratul Baqara: aliyefikiwa na mawaidha kutoka kwa Mola wake akakoma, basi ni yake yaliyopita. Aya ni ya riba, lakini wanazuoni wameipitisha kwa asiyejua katika mambo mengine.

Sasa mauzo yenyewe. Picha ya dukani iwe ya kitu chako, si ya kwenye boksi la kiwanda wala ya fundi mwingine. Ipige mchana, karibu na dirisha, bila kuongeza rangi kwenye simu. Taja urefu kwa milimita na uwiano na kitu halisi, mfano 1:72, maana picha hukifanya kitu cha sentimita 3 kionekane kama cha 10. Ukisema "kimepakwa kwa mkono" na maandishi ya ubavuni mwa teksi ni stika, sema ni stika. Jambo linalowapata wengi ni la vanishi ya kupuliza: ukipuliza siku ya mvua, hewa ikiwa na unyevu mwingi, ukungu mweupe hubaki juu ya rangi nyeusi. Hiyo ni kasoro ya bidhaa, na kuificha ni ghishi, yaani udanganyifu wa biashara. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu chini, akasema mwenye kutughushi si katika sisi. Mnunuzi asiye Muislamu ana haki hiyohiyo.

Kwa kilicho tayari, kikivunjika njiani kabla hakijamfikia mnunuzi, hasara ni yako, kwa kuwa hajakikabidhiwa. Kwa hiyo funga vizuri: sponji pande zote sita, boksi ndani ya boksi, sehemu nyembamba kama mlingoti wa mtumbwi zishikiliwe zisicheze.

Oda ya kulipiwa kwanza inafaa kwa njia ya salam: bei yote ilipwe mwanzo, na ukubwa, rangi, idadi na siku ya kukamilisha vijulikane. Anayetaka kulipa nusu kwanza, hiyo ni istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa liliikubali katika kikao cha 7, Jeddah, 1992, hata bei ikilipwa kwa mafungu. Usiandike siku 7 ilhali unajua rezini ya kupakwa bado haijafika.

Ada ya soko si tatizo, ni ujira wa dalali unaojulikana. Etsy, kwa mfano, hutoza senti 20 za dola kwa tangazo la miezi 4, na asilimia 6.5 ya bei pamoja na posta. Kitu cha dola 40 chenye posta ya dola 12 kinakatwa 3.38, mbali na zile senti 20 na ada ya malipo. Tatizo langu ni akaunti ya binamu. Uwakala unajuzu, lakini mwandikiane: ama dola kadhaa kwa kila kitu, ama asilimia fulani. "Utanipa chochote" ni ujira usiojulikana. Na duka lisiseme kitu kimetengenezwa Uingereza wakati kimetoka Bombo. Kama masharti ya soko yanakataza kuuza kwa jina la mwingine, Waislamu hufungwa na masharti yao. Tafuta soko litakalokusajili mwenyewe.

Kuhusu udhu, rangi ya akriliki ikikauka huwa ganda la plastiki, maji hayafiki kwenye ngozi wala ukucha. Libandue kabla ya kutawadha: ikiwa mbichi, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikikauka, kwa spiriti. Lililobaki likiwa doa tu kama hina, bila ganda, halidhuru. Na acheni tabia ya kuchongoa ncha ya brashi kwa ulimi. Brashi za kolinsky ni manyoya ya aina ya kicheche, mnyama asiyeliwa, najisi kwetu Mashafi, na kwenye funga ukimeza ule unyevu wa rangi kwa kusudi umefungua. Brashi za nyuzi za plastiki zinatosha.

Zaka: mwaka wa mwezi ukitimia na thamani ikifika ya gramu 85 za dhahabu, hesabu vilivyo tayari kwa bei ya kuuzia, pamoja na rangi uliyonunua kwa kazi, kwa kuwa inabaki kwenye bidhaa. Toa asilimia 2.5. Brashi, na sabuni ya kuzioshea, hazimo.

Wallahu aalam.