Kutoka kitaluni mpaka kubuni bustani endelevu: jibu refu kwa aliyeuliza aanzie wapi

Mdogo wetu kauliza swali zuri. Kamaliza diploma ya kilimo cha bustani, yupo Dar, anataka kuingia kwenye kubuni bustani endelevu, na anauliza mambo matatu: je lazima arudi chuo, mimea gani aijue, na je kuna hela humo. Wengi wamemjibu ajifunze AutoCAD kwanza, ile programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta. Mimi hii kazi ndiyo inayonilisha na jibu langu liko tofauti kidogo, kwa hiyo nitaandika kirefu mnivumilie.

Mdogo wangu, ingia kwa mlango wa matunzo. Tafuta bustani za kutunza kabla hujatafuta za kuchora. Bustani inajulikana kama ni endelevu mwezi wa nane, mvua imekata tangu masika, mwenye nyumba kachoka kununua maji ya boza, na kijana anayeshika mpira kapewa kazi zingine tano. Siku ya kukabidhi bustani zote ni nzuri, hata mbovu.

Mimi nilianzia kitaluni, hivi vitalu vya barabarani ambavyo viriba vyeusi vimepangwa pembeni ya lami na vumbi la magari linatua juu ya majani. Nilikuwa najaza udongo kwenye viriba, namwagilia asubuhi na jioni, nawabebea wateja miche mpaka kwenye gari. Pale nilijua watu wananunua nini, na nilijua zaidi wanarudi kununua nini tena sababu cha kwanza kimekufa. Alafu wateja wakaanza kuniita nyumbani kwao, Mbezi Beach, Kunduchi, Tegeta huko, niwapandie, na nikishapanda wanataka nibaki kutunza, basi nikawa na nyumba za kuzungukia kila wiki na mkasi na toroli. Hapo ndipo shule yangu ilipoanza hasa. Ukirudi kwenye bustani ileile masika, vuli na kiangazi unaona maji yanasimama wapi, kivuli cha ukuta kinahamia wapi, nyasi zinakufa wapi kila mwaka na zinapandwa tena kila mwaka kwa hela ya mtu.

Kitu cha kwanza nilichokiona karibu kila nyumba mpya ni kifusi. Fundi ujenzi akimaliza nyumba anasawazisha kiwanja, na chini ya hicho kichanga kizuri cha juu kuna vipande vya tofali, zege lililomwagika, mifuko ya simenti, vigae. Simenti inapandisha chokaa kwenye udongo, na udongo ukiwa na chokaa nyingi mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo, ndiyo unaona majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani. Mwenye nyumba anaambiwa ni mdudu, anauziwa dawa, anapiga dawa, njano iko palepale. Ukiwa karibu na bahari ndo zaidi, sababu kule Msasani na Masaki chini kuna mwamba wa matumbawe ambao nao ni chokaa tupu. Kwa hiyo siku hizi nikipata mteja ambaye bado hajajenga naomba jambo moja kabla ya yote: udongo wa juu, kama sentimita 20 hivi za kwanza, ukwanguliwe uwekwe pembeni kabla msingi haujachimbwa, ufunikwe, usipitiwe na malori, na kifusi kiwe na sehemu yake kiondoke. Haigharimu kitu ikilinganishwa na kununua tripu za udongo mweusi baadaye, udongo ambao umechimbwa bondeni kwa mtu mwingine na kule wameacha shimo. Mimi hiyo biashara ya udongo mweusi siipendi kabisa na nasema wazi kwa wateja. Chukua mchanga ulionao, lisha samadi iliyooza, mboji, makumbi ya nazi yaliyosagwa, alafu funika na matandazo, yaani majani makavu au nyasi. Miaka miwili unachimba unakuta minyoo.

Na majani makavu yasichomwe jamani. Kila asubuhi Dar yote inanuka moshi wa majani ya mwembe yaliyofagiliwa, yaani tunachoma mbolea alafu tunaenda kununua mbolea. Najua sisi tumelelewa kwamba uwanja msafi ni uwanja uliofagiliwa ukaonyesha mistari ya ufagio, na mimi sibishani na mama mwenye nyumba kwa hilo, namwachia sehemu ya mbele ifagiwe vizuri na majani yote yanaenda kulala chini ya vichaka nyuma ya bustani ambako hakuna anayepita.

Sasa maji. Hapa nakuomba utulie sababu ndiyo kiini cha kazi yote, mimea ni jambo la baadaye. Chukua loni, yaani uwanja wa nyasi, ya mita za mraba 400, wakati wa jua kali ukiinywesha milimita 5 kwa siku hizo ni lita 2,000 kila siku, maana milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Boza la lita 10,000 linaisha siku tano. Wengine watakwambia wana kisima, sawa, lakini ukanda wa pwani visima vikivutwa sana maji ya bahari yanasogea chini kwa chini, ndiyo maana watu wengi wanamwagilia maji ya chumvi na hawajui mpaka ncha za majani ziungue. Upande wa pili piga hesabu ya paa. Dar inapata mvua kidogo zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, paa la mita za mraba 150 linapokea lita 150,000 na zaidi, hata theluthi ikipotea unabaki na lita 100,000 ambazo saivi zinaenda barabarani kwa jirani. Shida ni kwamba zinakuja kwa mkupuo, masika na vuli, simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua moja kubwa na nyingine yote inafurika. Hivyo tanki lenyewe halitoshi, stoo kubwa ni udongo, na kazi yako mbunifu ni kuyachelewesha maji yasitoke getini: mabonde mafupi ya kina cha shibiri moja yaliyopandwa mimea inayovumilia kulowa na kukauka, makinga maji kwenye mteremko, njia za gari zenye nafasi kati ya tofali badala ya kusakafia kiwanja kizima. Wanaokumbuka mafuriko ya Desemba 2011 wanajua maji ya mjini yanaishia kwa nani, yanaishia Jangwani na bonde la Msimbazi kwa watu ambao hawana hata hiyo loni. Hili linaniuma kweli, na ni sababu kubwa ya mimi kuacha kupanga bustani za kupendeza tu.

Maji ya bafuni na ya kufulia nayo usiyadharau. Bibi zetu walipanda migomba pale maji ya bafu yanapotokea na hakuna aliyewafundisha. Weka shimo, jaza takataka za majani, zungushia migomba na mipapai, hakikisha tu dawa za kung'arishia nguo hazipiti hapo, na usimwagilie hayo maji kwenye mboga za kuliwa mbichi.

Kuna mahali nataka uende ukipata nauli: Bamburi, Mombasa, panaitwa Haller Park. Lilikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe, jua linapiga chini na juu. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa kilimo pale kiwandani, akaanza kujaribu miti. Alijaribu aina 26, zikabaki tatu tu, na iliyobeba kazi kubwa ni mvinje, ule mti wa pwani wenye majani kama sindano, sababu mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani na chumvi inaivumilia. Lakini majani ya mvinje yakawa yanaanguka na kurundikana bila kuoza, udongo hautengenezwi. Jibu likawa jongoo, hawa hawa wenye miguu myekundu tunaowaona masika, waliachiwa mle wakala yale majani na kinyesi chao ndicho kikawa udongo wa mwanzo. Leo pale ni msitu, kuna viboko na twiga. Mimi nilipotembea mle nilielewa kwamba mmea mgumu pekee hautoshi, lazima uwepo mnyororo wa nani anakula nini, na tangu siku hiyo mtunza bustani wangu akiua jongoo tunagombana.

Mimea sasa, kwa ufupi maana hapa ndipo watu hupenda kuchelewa. Kuna ule mmea wa majani mazito yanayong'aa wanauita ZZ, uko kwenye kila ofisi ya kioo mjini, unauzwa bei na watu wanaamini umetoka Ulaya. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia na kwao ni huku huku Afrika ya Mashariki, Zanzibar na pwani yetu mpaka Afrika Kusini, unatunza maji kwenye viazi vyake chini ndiyo maana unakaa wiki nyingi bila kumwagiliwa. Unakaa vizuri kwenye kivuli cha chini ya mwembe pale loni inapokataa. Ongeza mishubiri, mikonge pori, mkadi, mkilua kwa harufu, na ile mimea ya ufukweni inayotambaa mchangani yenye maua ya zambarau kwa viwanja vya baharini. Loni yenyewe sisemi usiweke, watoto wanahitaji kucheza, ila iwe ndogo na mahali panapotumika, na kama maji ni ya chumvi nyasi ya paspalamu inavumilia. Usidanganyike tu kwamba kila kinachostawi kirahisi ni rafiki. Mwarobaini uliletwa kutoka Asia na umejisambaza wenyewe mpaka ndani ya hifadhi ya Saadani. Nenda Amani kule Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, uone msizi ulivyovamia msitu, na msizi ni mti wa Kagera, wa nchi hii hii. Kwa hiyo usiulize tu kama mti ni wa Tanzania, uliza kama ni wa hapo unapopanda.

Jiandae na maswali mawili ya wateja, nyoka na mbu, na usiwacheke sababu yote mawili yana msingi. Nyoka: vichaka vizito viwe mbali na milango na madirisha, njia ya miguu iwe pana na wazi, taa iwepo, rundo la mawe na mbao lisikae karibu na jiko. Mbu: Dar imepata homa ya dengi 2014 na 2019, na yule mbu anazaliana kwenye visahani vya chini ya vyungu, kwenye tairi, kwenye gata lililoziba. Bonde la kunyonya maji likikauka ndani ya siku mbili halimlei mbu, kutoka yai mpaka kuruka anahitaji kama wiki. Chimba shimo, jaza maji, angalia yanachukua muda gani kuisha kabla hujachora chochote, na kama hayaishi basi hapo hapafai, tafuta pengine.

Chuo? Ukiweza nenda, Chuo Kikuu Ardhi wana shahada ya usanifu wa mandhari na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wapo vizuri kwenye kilimo cha bustani, na kufanya kazi na wasanifu majengo karatasi inafungua milango. Lakini diploma yako inatosha kuanza. Kuchora nilijifunza jioni baada ya kazi, kwa penseli kwanza, na mpaka leo mteja anaelewa haraka nikichora kwa mkono mbele yake.

Hela ipo ila haipo pale wengi wanapoitafuta. Ukitegemea faida ya kuuza miche utajikuta unajaza bustani miche mingi kuliko inavyohitaji, na hiyo ni kinyume na kazi yenyewe. Lipisha kuangalia kiwanja, lipisha mchoro, na weka matunzo ya miezi 12 ndani ya mkataba wa kwanza, siyo kama hiari. Mwambie mteja kwa tarakimu maji atakayonunua kwa bustani aliyoiona kwenye picha na maji atakayonunua kwa hii yako, wengi hapo ndipo wanapokubali, wachache wataondoka na waache waende. Kuna mmoja aliniondoa akaleta watu wakasakafia kiwanja chote, sikuwa na la kufanya. Na siku ya kukabidhi, yule kijana wa bustani awepo mwanzo mpaka mwisho, umwonyeshe kwa mikono valvu ipi anafunga masika, mimea ipi haimwagiliwi tena baada ya mwaka wa kwanza, majani yakifagiliwa yanaenda wapi, na umwombee kwa tajiri wake aongezwe mshahara maana kazi yote yako iko mikononi mwake.

Ukikwama kwenye kupima udongo au kupata miche ya asili uliza hapa hapa, ntakujibu jioni nikitoka saiti.