Popi kagoma kukojoa kwenye boti saa 26, tumpe kidonge cha kumkojoza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na mume wangu tuna boti ya tanga ya mita 11, na baada ya miezi miwili tunaanza safari ya visiwa vya ukanda wa joto, tutakuwa baharini kama miezi minne hivi. Mbwa wetu Popi (dume, kahasiwa, miaka 5, kilo 22) anaenda na sisi, hatuna wa kumwachia na kusema kweli hatutaki kumwacha. Wiki iliyopita tulifanya majaribio, usiku mmoja na mchana wake, Popi akakaa saa 26 bila kukojoa wala kunya. Tulimnunulia zulia la nyasi bandia, tukalifua vizuri, tukalitandika kule omo (mbele ya boti), hata kulinusa hakulinusa. Maji alikuwa anaonja tu. Tuliposhuka nchi kavu akakojoa mpaka nikaogopa, kama dakika nzima. Mume wangu anameza furosemidi kwa ajili ya presha, anasema siku za mwendo mrefu tumpe Popi nusu kidonge, atakojoa mwenyewe atake asitake, na ikishindikana tutatia nanga kisiwa chochote kilicho karibu tumshushe kwa kiboti cha mpira dakika tano tu. Mimi nina wasiwasi. Pia kuna dawa ya kichefuchefu kwa mbwa? Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata mwaka jana.

JIBU: Marahaba mama. Msalimie baba, mwambie hicho kidonge akimeze yeye mwenyewe, Popi asipewe hata robo.

Furosemidi inafanya kazi kwenye figo, inazilazimisha zitoe maji na chumvi kwa wingi kwenda kwenye kibofu. Sasa shida ya Popi haiko kwenye figo. Figo zake zinatengeneza mkojo vizuri tu, mbwa mzima anatengeneza kama mililita 1 mpaka 2 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, piga hesabu kwa kilo 22 ni mililita 22 mpaka 44 kila saa, zidisha kwa saa 26 unapata zaidi ya nusu lita, na ingekuwa anakunywa maji yake kawaida ingefika hata lita nzima. Ndo maana akakojoa dakika nzima. Kibofu kimejaa, mlango kaufunga mwenyewe kichwani kwa sababu kafundishwa tangu mdogo kwamba nyumbani hakukojolewi, na kwake yeye boti ni nyumbani. Ukimpa furosemidi unaongeza maji kwenye pipa lililojaa huku bomba bado limefungwa, alafu hayo maji yanatolewa kwenye damu ya mbwa ambaye yuko juani na hajanywa. Hapo umetengeneza mgonjwa.

Na hilo la kuonja maji tu ndo lililonishtua kuliko saa 26 zenyewe. Mbwa anayebana mkojo mara nyingi anapunguza kunywa, na nimeshaona wengi wa hivi. Mwenye mbwa anakuja analalamika mkojo, kumbe mbwa amekauka. Kwa kawaida mbwa anahitaji kama mililita 50 mpaka 60 za maji kwa kilo kwa siku, kwa Popi ni lita moja na kidogo, na kwenye joto na unyevu wa visiwa inaweza kufika mara mbili. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapooza mwili kwa kuhema, na kuhema ni kutoa maji kupitia ulimi na njia ya pumzi. Hewa ikiwa imejaa unyevu yale maji hayakauki haraka, kwa hiyo anahema sana anapoa kidogo. Akiwa na maji kidogo mwilini ndo kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni zulia. Mmenunua kitu sahihi mkakiharibu kwa sabuni. Najua ni usafi, lakini kwa mbwa zulia linalonukia sabuni ni kitambaa cha binadamu, hakuna chochote pale kinachomwambia hapa ni chooni. Fanyeni hivi: asubuhi akikojoa mara ya kwanza mtegee kitambaa au gazeti, chukua huo mkojo paka kwenye zulia katikati. Lisiwekwe kwenye boti bado. Litandike nje pale pale anapokojoa kila siku, mpeleke na kamba yake, tumia neno moja tu (sijui mtachagua "kojoa" au nini, ila wote wawili mseme neno hilohilo) na akikojoa juu yake hata matone matatu mpe kitu kitamu palepale, sio baada ya kuingia ndani. Wiki mbili mpaka tatu, mpaka uone analifuata mwenyewe. Kisha lihamishie kwenye boti ikiwa imefungwa gatini, asubuhi kabla hajashuka, na hapa mjipange kuwa wagumu kidogo manake atawaangalia kwa macho ya kuonewa, na baba asije akamhurumia akamshusha baada ya dakika kumi. Akishakubali gatini mnaenda kwenye nanga, akikubali kwenye nanga ndo mnaenda mwendo. Mkiruka hatua anarudi mwanzo.

Toboa pembe moja ya zulia ufunge kamba, likiwa na kinyesi unalitupa majini unaliburuta kidogo nyuma ya boti unalirudisha. Maji ya bahari yanatosha, harufu kidogo ibaki. Na mkiwa mwendoni msilitandike omo, kule mbele ndo boti inaporuka zaidi, mbwa anayehangaika kusimama hawezi kukojoa, hata wewe usingeweza. Liwekeni katikati karibu na mlingoti au nyuma, avae koti lake la kuelea lenye mpini mgongoni na kamba fupi iliyofungwa kwenye boti, na mmoja wenu apunguze mwendo dakika chache boti itulie.

Mbwa mzima kubana saa 12 sio ajabu, wengine wanafika 24 kwenye safari ya kwanza na hawapati madhara. Ila msiizoee. Kibofu kikivutwa kupita kiasi mara kwa mara msuli wake unalegea, baadaye anataka kukojoa hawezi kuutoa mkojo wote, na unaobaki humo unaita bakteria. Alafu tofautisheni kubana na kuziba: anayebana anakaa kimya hajaribu, aliyeziba anachuchumaa au kuinua mguu mara nyingi, anajikamua, yanatoka matone au damu au hakuna kitu. Huyo wa pili ni dharura, geuzeni boti mkatafute daktari, hasa kwa dume, maana mawe ya mkojo yanapenda kukwama kwenye mrija wao.

Maji sasa. Msimwekee bakuli moja mkasubiri, mpelekeeni kidogo kidogo kila saa moja, na chakula chake kilowesheni mpaka kiwe uji uji, hiyo ndo njia rahisi ya kumnywesha mbwa mbishi. Kila asubuhi fungua mdomo gusa fizi kwa kidole, zinatakiwa ziteleze, zikinata kidole anahitaji maji. Rangi ya mkojo pia mtaiona kwenye zulia, ukiwa na rangi ya chai sio sawa. Ya bahari asinywe kabisa, ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kidogo kinamharisha na kumtapisha, nyingi inapandisha sodiamu kwenye damu mpaka anayumba na kupata degedege. Mbwa wengi hawainywi kwa makusudi, wanaimeza wakirudisha mpira kutoka kwenye mawimbi ufukweni, kwa hiyo mchezo wa mpira uwe wa dakika chache, apumzike, apewe maji baridi (yasiyo ya chumvi), arudi. Akitoka muogesheni kwa maji hayohayo chumvi imtoke, mkaushe na masikio, bila hivyo wiki ya pili tu mtaanza kuona vidonda na sikio linalonuka.

Joto lenyewe: nunueni kipimajoto cha njia ya nyuma. Kawaida ya mbwa ni kati ya 38 na 39 na kidogo, ikipanda 40 tayari mwondoeni kwenye shughuli, ikipita 41 viungo vinaanza kuharibika. Akihema bila kukoma, mate mazito, fizi nyekundu sana, anayumba, msipoteze muda kupiga simu kwanza. Kivulini, mmwagie maji mwili mzima (ya bahari kwenye ngozi ni sawa tu), mpepeeni, upepo ndo unaofanya kazi. Msimfunike taulo lililolowa mkaliacha, linageuka blanketi. Ikishuka kufika 39.5 acheni kumwagia, mkaushe, itaendelea kushuka yenyewe. Na kabla hajatoka sitahani (sakafu ya juu ya boti) mchana weka mgongo wa mkono wako chini kwa sekunde saba, usipovumilia wewe nyayo zake hazitavumilia.

Sasa huo mpango wa baba wa dakika tano ufukweni, hapo nakuwa mkali. Ukiingia nchi nyingine kwa boti unapandisha bendera ya njano unasubiri ukaguzi, na mpaka maofisa wakuruhusu mbwa hakanyagi mchanga, nchi nyingine hata baada ya nyie kuruhusiwa yeye anabaki ndani ya boti. Sio urasimu wa bure. Kisiwa cha Flores kule Indonesia hakikuwa na kichaa cha mbwa mpaka mwaka 1997, mbwa watatu wakaletwa kwa boti ya wavuvi kutoka kisiwa cha Buton, miaka michache baadaye watu zaidi ya 100 wameshakufa na mbwa kwa maelfu wameuawa kujaribu kuuzuia. Kisiwa cha Bali, nchi hiyohiyo, kikapata wake mwaka 2008. Kwa visiwa visivyo na huo ugonjwa, mbwa anayeshuka kwenye boti bila karatasi ndo jinamizi lenyewe. Kama mnadhani wanatania, mwaka 2015 mwigizaji wa sinema Johnny Depp na mkewe wa wakati huo Amber Heard waliingiza mbwa wao wawili Australia kwa ndege binafsi bila kuwatangaza, waziri wa huko akasema wasipoondolewa watauawa, kesi ikaenda mpaka mahakamani.

Kwa hiyo chanjo ya mwaka jana peke yake haitoshi. Cha kwanza ni maikrochipu (kichipu cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) ya kiwango cha kimataifa cha ISO yenye tarakimu 15, na iwekwe KABLA ya chanjo au siku hiyohiyo, chanjo iliyotangulia chipu nchi nyingi hawaihesabu. Kama Popi hana chipu basi tunaanza upya. Baada ya hapo ni kipimo cha damu cha kingamwili za kichaa cha mbwa, kinatakiwa kisome angalau yuniti 0.5 kwa mililita, na saa inaanza kuhesabu kuanzia kwenye hiyo damu. Australia wanataka zipite siku 180 tangu sampuli ifike maabara. Hawaii wanataka chanjo mbili zilizopishana siku 30 au zaidi pamoja na hicho kipimo, usipokamilisha anakaa karantini siku 120. Mama, nyie mmebakiza siku 60. Leo hii kaeni na ramani, orodhesheni kila nchi mnayotaka kugusa, muandikie mamlaka ya mifugo ya kila moja, na zile ambazo hesabu haifiki zitoeni kwenye njia au sogezeni safari. Mimi ningesogeza safari.

Kichefuchefu ndo swali rahisi kuliko yote. Ipo dawa inaitwa maropitanti, ya mbwa, inamezwa angalau saa mbili kabla ya kuondoka na haileti usingizi kama zile za binadamu. Dozi ya safari ni kubwa kuliko dozi ya kutapika kwa kawaida na haitolewi siku nyingi mfululizo, kwa hiyo daktari wenu amuone Popi ndo awaandikie. Wengi wanazoea mwendo baada ya siku mbili tatu. Humo humo kwenye boksi la dawa muweke kinga ya minyoo ya moyo ya kila mwezi, mbu wa visiwani wanaibeba, na aanze baada ya kupimwa, na ya kupe pia. Waulizieni na chanjo ya leptospira (bakteria wa kwenye mkojo wa panya), maana bandarini panya hawakosekani. Dawa zenu za maumivu, paracetamoli na ibuprofeni, zikae mbali naye kabisa.

Na moja ambalo hamkuuliza. Asubuhi mtakuta samaki wa kuruka wamekufa sitahani, huyo akimla hana neno. Ila samaki wakubwa wa miambani, chewa, mzia, mkunga, msimpe hata mabaki, sumu ya siguatera haifi kwa moto na inampata mbwa kama inavyompata mtu. Samaki bunju, yule anayejivimbisha, aliyekauka ufukweni ni hatari zaidi, anaua. Na akimeza ndoano yenye chambo msivute uzi hata kama unaonekana mdomoni. Kateni uache kipande kirefu kining'inie, mfungeni asikitafune, muende kwa daktari, anayevuta ndo anayechana koo.

Zulia la zamani kama bado lina harufu ya sabuni nunueni jipya, kesho asubuhi muanze.