Dandora si kiwanda cha kurejeleza taka

Ukiuliza kama taka za Nairobi hutenganishwa kwa mashine zikifika Dandora, jibu ni hapana: gari la taka likifika pale hakuna mashine inayotenganisha plastiki na maganda. Ni dampo la wazi la Kaunti ya Nairobi, limetumika tangu 1975, na lilitangazwa kujaa 2001 lakini malori bado yanamwaga pale. Kinachorejelezwa kinaokolewa kwa mikono na waokota taka, kisha kinauzwa kwa kilo kwa madalali: chupa, vyuma, katoni. Nimewahi kununua plastiki kwao, na chupa iliyokaa na mchuzi na majivu bei yake huanguka, mara nyingine inaachwa hapo hapo.

Kwa hiyo tenganisha nyumbani, chakula mfuko wake na vikavu mfuko wake. Sheria ya taka ya Kenya ya 2022 pia inataka hivyo. Muulize kwanza anayekuzolea kama hachanganyi tena kwenye mkokoteni, maana wengine huchanganya na kazi yako inapotea. Na tafadhali, sindano, vioo vilivyovunjika na betri usifiche ndani ya mfuko. Kuna mtu ataingiza mkono humo, na wengi hawana glavu.