Jibu: Kichanga asiyepumua habonyezwi kifua kama mtu mzima

Dada, umeuliza kama mtoto wa miezi saba akizimia na kuacha kupumua unambonyeza kifua vilevile ulivyofundishwa kazini. Hesabu ni ileile ukiwa peke yako: mibonyezo 30, pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono ndiyo inabadilika.

Mtu mzima unamwegemea kwa viganja viwili, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Mtoto wa chekechea, kiganja kimoja mara nyingi kinatosha. Kichanga unamzungushia mikono kifuani, vidole gumba viwili vikae juu ya mfupa wa katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu, ushuke kama sentimita 4. Kiache kifua kirudi chote ndipo ubonyeze tena.

Kwenye pumzi ndipo wengi tunakosea. Mimi siku ya kwanza na mwanasesere wa mafunzo nilimvuta kichwa nyuma kama mtu mzima, hewa ikagoma kuingia. Kichanga mlaze uso utazame juu tu. Funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, puliza kidogo, kiasi cha kujaza mashavu yako. Ukiona kifua kimeinuka, basi.

Simu ikiwepo, piga 112 uweke spika huku unaendelea. Huna simu na uko peke yako? Fanya dakika 2 kwanza ndipo ukatafute msaada. Na shangazi akija na wazo la kummwagia mtoto maji ya baridi, mwambie asubiri nje.